Mama anatimiza miaka 70: nimpeleke kula juu ya Mnara wa Eiffel au hela imalizie choo?

Shikamoo Anti,

Mimi ni binti wa Tanga, Ngamiani, sasa hivi naishi Brussels na mume wangu na watoto, nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee. Jina naomba usilitoe maana ndugu zangu karibu wote wanasoma hii safu na hili jambo limeshaleta maneno nyumbani.

Mama yangu mzazi anakuja mwezi wa sita. Viza imeshatoka alhamdulillah, ndio mara yake ya kwanza kupanda ndege, na akiwa huku kwangu ndio anatimiza miaka 70. Anti huyu mama katulea watoto watano kwa vitumbua na mikate ya ufuta, baba alitangulia sisi tukiwa bado wadogo. Yani mimi sijawahi kumuona mama amekaa kwenye meza akahudumiwa yeye. Hata siku ya harusi yangu, mpiga picha anamtafuta mama wa bibi harusi, watu wanazunguka nyumba nzima, tunamkuta uani anapakua pilau na kanga kajifunga kiunoni, picha ya familia ikapigwa bila yeye kwa sababu alikataa kuacha masufuria mpaka watu wote wale.

Sasa mimi nimetia nia, siku yake ya kuzaliwa nimpeleke Paris, tule kwenye ule mgahawa mkubwa uliopo juu ya Mnara wa Eiffel, Le Jules Verne. Mimi na yeye tu. Nimeangalia bei, menyu ya jioni inapita euro 250 kwa mtu mmoja, bado maji, bado juisi, nikijumlisha naona inakaribia euro 600 kwa watu wawili, kwa hela ya nyumbani ni zaidi ya milioni moja na nusu. Hapo nauli ya treni na hoteli sijaweka. Hiyo hela ninayo, ni mchezo wangu tunaocheza na kina dada wa huku, zamu yangu inaangukia mwezi wa tano.

Nilivyomwambia kaka yangu mkubwa, Anti, aliniuliza kama nina akili timamu. Mama magoti yanamsumbua na choo chetu kipo uani, usiku anatoka na tochi, mvua ikinyesha ndio balaa. Tumeanza kumjengea choo cha ndani, kuta zimesimama, limebaki sinki, vigae na tenki la maji. Kaka anasema hela ya kula usiku mmoja juu ya chuma ingemaliza hicho choo, na mama angekitumia mpaka mwisho wa maisha yake. Nikakosa la kumjibu. Mume wangu yeye kasema hela ya mchezo ni yako amua mwenyewe, lakini namjua, akisema hivyo halafu akanyamaza ujue ana neno. Na mfanyakazi mwenzangu hapa anasema migahawa yote ya kwenye vivutio vya watalii ni kupigwa tu, unalipia dirisha, chakula hakuna kitu.

Mama mwenyewe hajaomba chochote. Siku moja tu kwenye simu ya vidio aliniuliza, hivi ule mnara wa Paris ni mbali na kwenu? Nikamwambia siyo mbali mama, kwa treni ni saa moja na nusu hivi. Akasema mashaallah. Basi, tangu siku hiyo sijapumzika.

Nimepanga nisimwambie bei. Nikimwambia hatokula, namjua. Nitamwambia ni euro 30.

Anti naomba unisaidie, inalipa kweli kula sehemu kama ile, au nitakuwa nimetupa hela wakati mama anahangaika na tochi usiku? Na hilo la kuficha bei ni kosa?

Binti wa Ngamiani

ANTI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na hongera sana kwa viza, najua mahangaiko yake. Mama afike salama.

Barua yako nimeirudia na ile sehemu ya picha ya harusi ndio imenishika. Kwa jinsi ninavyokuelewa, wewe unatafuta saa chache ambazo mama yako hawezi kunyanyuka kwenda jikoni, amekaa, watu wanamletea, na wewe uko mbele yake unamtazama. Kaka yako anatafuta usiku ambao mama hatoki nje na tochi. Wote wawili mnamlilia mama yule yule kwa hiyo sitaki usome majibu yangu kama kesi yenu mnashindana nani anampenda zaidi.

Nianze na huyo mwenzako wa kazini kwa sababu maneno yake yana ukweli ila hapa hayakai sawa. Ni kweli sehemu nyingi zenye watalii mpishi hana haja ya kujituma, mgeni akila vibaya leo kesho ameshapanda ndege, na mwingine yuko kwenye foleni. Lakini Le Jules Verne siyo mgahawa wa aina hiyo. Upo pale tangu 1983, ghorofa ya pili ya mnara, zaidi ya mita 100 kutoka chini, una lifti yake peke yake kwenye mguu wa kusini wa mnara. Tangu 2019 jiko lipo chini ya Frédéric Anton, mpishi ambaye mgahawa wake mwingine, Le Pré Catelan, una nyota tatu za Michelin, kile kitabu cha Kifaransa kinachopima migahawa, na tatu ndio za juu kabisa. Huu wa mnarani ulipewa nyota moja 2020 na ya pili 2024, na nyota hizo hawatoi kwa sababu ya dirisha. Kwa hiyo ukienda hulipii upepo. Unalipia dirisha, jiko, na kile kiti chenyewe, maana nafasi ni ndogo, kila kitu lazima kipande juu, na dunia nzima inataka kukaa hapo. Hivyo vitu vitatu wanaviuza kwa pamoja, huwezi kuchukua kimoja ukaacha kingine, ndio maana nakuuliza, mama yako anataka kipi katika hivyo?

Tuanze na jiko. Mwanangu umeniandikia mama alivyopika maisha yake yote lakini hakuna mahali umeniambia yeye anapenda kula nini. Unajua? Wengi wetu hatujui, tumezoea kuona mama anakula mwisho kilichobaki. Chakula cha pale siyo sahani moja kubwa ukashiba ukanyanyuka, ni menyu ya sahani tano au saba, ndogo ndogo, mpishi ameshapanga, na inaweza kuchukua saa mbili na nusu mpaka tatu umekaa hapo hapo. Magoti yake yatakaa muda huo? Halafu nakuona unaandika alhamdulillah, basi lizungumzie mapema suala la halali. Nyama katika migahawa ya aina hiyo kwa kawaida si ya kuchinjwa kwetu, na mapishi ya Kifaransa yanatia mvinyo kwenye mchuzi hata wa samaki, utakula kitu kina ladha nzuri hujui kimepikwa na nini. Mama wa Tanga kamba na kaa anavijua kuliko mhudumu, vitu vya baharini angevifurahia, ila lazima uwaandikie kabla hujalipa chochote, uwaeleze hatuli hiki na hiki, mvinyo usiwepo hata kwenye mchuzi, wakujibu kwa maandishi wanaweza au hawawezi. Jikoni kwao wanapenda kujua siku kadhaa kabla, ukisema ukiwa umeshakaa mezani utaletewa mboga na mama ataona amewasumbua watu, na mama anayeona amesumbua watu hali.

Dirishani sasa. Kuna kisa kinasimuliwa sana Paris kuhusu Guy de Maupassant, yule mwandishi ambaye 1887 aliweka sahihi yake pamoja na wasanii wengine kuupinga mnara usijengwe. Wanasema baadaye alikuwa anakula mara kwa mara mgahawa wa humo humo mnarani, wakimuuliza anajibu ndio sehemu pekee ya Paris ambayo hauoni mnara. Kisa kiwe kilitokea hivyo au la, ukweli wake upo: ukikaa pale juu utaona mto Seine, utaona Trocadéro, ule uwanja wa ng'ambo ya mto, utaona paa za mji mzima, ila mnara wenyewe hauuoni kwa sababu uko tumboni mwake. Na mama aliuliza nini? Aliuliza mnara ni mbali. Chakula hakukitaja. Sisemi hapendi kupanda, sisemi hapendi kula, nasema mnara ulivyo kwenye fikra zake huenda ni ule wa kuutazama ukiwa umesimama chini, umbali kidogo, wote unaonekana, na picha atakayotaka kuwatumia mashoga zake Ngamiani ni yeye na mnara nyuma. Hiyo picha haipatikani mezani. Inapatikana Trocadéro ng'ambo ya mto, na hailipiwi.

Na mnakwenda mwezi wa sita. Paris mwezi wa sita jua linazama karibu saa nne usiku, kwa hiyo ukichukua meza ya saa moja jioni mtakula mwanga ukiwepo karibu muda wote. Zile taa zinazometameta, balbu 20,000, huwaka dakika tano kila mwanzo wa saa giza likishaingia, na zenyewe pia raha yake ni kuziangalia ukiwa nje. Jambo jingine ambalo watu hulijua wameshafika, siyo kila meza ipo dirishani. Unaweza kuomba, ila usilipe kwa kuamini utapewa.

Ndio maana mimi ningekaa kidogo na wazo la mchana. Migahawa ya ngazi hiyo mara nyingi mchana siku za kazi ina bei nafuu kuliko jioni, mji unaonekana wote kwa mwanga, na mnarudi Brussels kwa treni siku hiyo hiyo, hela ya hoteli inabaki mfukoni. Kuna na mgahawa mwingine kwenye mnara huo huo, Madame Brasserie, ghorofa ya kwanza, mita 57 juu, ulifunguliwa 2022 na mpishi wake ni Thierry Marx. Bei yake inashuka sana ukilinganisha na ule wa juu, na siyo rasmi kiasi kile. Lakini hapo nako kuwa mkweli na nafsi yako, kama wewe moyo wako upo juu, ukimpeleka wa chini utakaa mezani unatazama dari unajuta, na mama atakuuliza una nini.

Au mgawanye vile vitu vitatu. Mkapande mnara kwa tiketi ya lifti ya kawaida mpaka ghorofa ya pili, au mpaka kileleni kama mama haogopi urefu, mtazame mji mpaka mtosheke, halafu mkale sehemu nyingine ambayo mama atakula akashiba bila kuulizauliza kilichomo. Msikiti Mkuu wa Paris, ule uliofunguliwa 1926, una mgahawa na sehemu ya chai ya mnanaa pale pale, couscous na tajine, vyakula vya Waarabu wa Afrika Kaskazini, mama ataswali halafu atahudumiwa. Au boti za mto Seine, mnakaa tu kama saa moja hivi, mnara unapita pembeni yenu, magoti hayaumii. Ubaya wa njia hii ni kuwa inatawanyika, siku inakuwa kupanda na kushuka, foleni, ukaguzi wa mabegi kama wa uwanja wa ndege, na ile saa uliyoitamani ya kukaa tuli mbele ya mama yako inaweza ikaliwa na mizunguko. Hilo nalo lina gharama yake.

Njia yoyote utakayochukua, jua kuwa mnara hufungwa. Februari 2024 wafanyakazi waligoma na ulifungwa siku 6, na upepo mkali nao huzuia watu kupanda kileleni. Usiweke sherehe nzima ya miaka 70 kwenye saa moja ya siku moja, na kabla hujaacha namba ya kadi yako soma masharti ya kughairi.

Narudi kwa kaka yako. Mwanangu choo cha ndani kwa mama wa miaka 70 mwenye magoti mabovu siyo anasa, mtu mzima kuanguka usiku uani kwenye matope ni jambo linaloweza kumlaza kitandani moja kwa moja, wewe unayefanya kazi nyumba ya wazee unalijua hilo kuliko mimi. Kwa hiyo kilichokufanya ukakosa la kumjibu ni kwamba anachosema ni kweli. Lakini kuna kitu hakipo kwenye barua yako, bei. Umeandika limebaki sinki, vigae na tenki, hujaandika ni shilingi ngapi. Kaka amesema hela yako ingemaliza, je ana hesabu ya fundi au alisema kwa hasira? Na mko watano. Watatu wengine wako wapi kwenye hii habari? Mtu anayeishi Ulaya huwa anageuzwa mfuko wa familia nzima, mpaka akitaka kutumia hela yake kwa furaha anaonekana kaiba, na hilo linakuumiza hata kama hujaliandika. Inawezekana mkigawana watano choo kinaisha kabla mama hajapanda ndege. Inawezekana pia isiwezekane, ndugu wengine hali zao unazijua wewe. Ila usikubali kuchagua kabla hujaona namba.

Na nina neno kwa upande wa pili, nalisema kwa heshima ya kaka yako. Kuna mazoea kwetu kwamba furaha ya mama lazima iwe bati, saruji au dawa. Mama akipewa kitu kizuri cha siku moja tunasema kimepotea. Yule mwanamke kapakua pilau ya watu miaka yote hiyo, nani alimuuliza kama na yeye angependa kuwekewa kitambaa cha meza na kuvutiwa kiti na kuulizwa mama unajisikiaje? Sioni aibu katika kutaka hilo kwa ajili yake. Swali langu ni kama ataweza kulifurahia au atakaa pembeni ya kiti anawaangalia wahudumu anawahurumia, na hilo mimi siwezi kulijua, wewe mwanae ndio unaweza kulichunguza.

Nguo zisikutishe. Wanachokataa ni kaptura, fulana na nguo za michezo, mama akivaa gauni lake la kitenge na mtandio au baibui lake zuri ameshavaa kuliko wengi watakaokuwepo. Maji ya bomba kwa sheria ya Ufaransa ni bure, huhitaji kununua chupa, na huduma imo kwenye bei, bakshishi ukitaka.

Hilo la euro 30 ndio linanitia wasiwasi kuliko bei yenyewe. Mama atarudi Tanga atasimulia, tena kwa furaha, mwanangu kanilisha juu ya mnara kwa elfu tisini tu, na kaka yako amekaa pale pale anajua ni ngapi. Siku hiyo ama kaka anyamaze na donge lake, ama aseme, na akisema mama hatokumbuka tena chakula, atakumbuka kuwa binti yake alimdanganya kwa ajili ya kumstarehesha. Kuna njia ya katikati. Migahawa mingi ya hadhi hiyo huwa na menyu isiyo na bei kwa ajili ya mgeni, unaomba mapema wanampa hiyo. Na akikuuliza, unaweza kumjibu mama hii ni zawadi, nilicheza mchezo nikakuwekea, bei niachie mimi. Anaweza kukasirika kidogo. Anaweza pia kukataa kabisa kwenda, na hapo utakuwa umepata jibu ambalo hukulitaka, lakini litakuwa limetoka kwake mwenyewe.

Mezani pale mgahawani pia huwa pagumu usipojiandaa. Mkikaa wawili, kimya, sahani ndogo, kuna vitu vitakuja vya zamani, baba, miaka uliyokuwa mbali. Kama una maneno unataka kumwambia mama yako, mwambie hata akiwa jikoni kwako Brussels anakukaangia samaki. Usiubebeshe mlo mmoja mambo ya miaka yote hiyo, utaenda na mategemeo makubwa mpaka mhudumu akichelewa kidogo utaona siku imeharibika.

Kwa sasa hela ya mchezo bado haijaingia mkononi, kwa hiyo muda unao kidogo, ingawa meza za pale zinaisha wiki nyingi kabla hasa mwezi wa sita. Wiki hii mpigie kaka, usimtaje Paris kabisa, mwombe akutumie hesabu ya fundi ya kilichobaki, kila kitu na bei yake, na umwambie unataka kuiweka kwenye kundi la ndugu wote watano. Halafu siku nyingine mpigie mama peke yake, muulize akifika huku angependa kula nini, na ule mnara anataka kuuona kwa chini au anataka kupanda, na lifti haimtishi? Muache aongee mpaka amalize. Ukishapata hayo niandikie tena, na kama utaamua kwenda juu niambie siku nikusaidie kuandika ile barua ya mgahawa kuhusu halali, hiyo wengi inawashinda.

Anti